Wilder Penfield: daktari aliyetafuta mahali kifafa kinapoanzia katika ubongo

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1928, katika mji wa Montreal nchini Kanada, daktari mmoja aliingia katika chumba cha upasuaji ili kufungua kichwa cha dada yake mwenyewe. Dada huyo aliitwa Ruth, mama wa watoto sita. Tangu ujana wake alikuwa akishikwa na krizi za kifafa. Sasa kichwa kilikuwa kinamuuma sana na macho yalikuwa yanaanza kupoteza nguvu.

Daktari huyo ni Wilder Penfield. Ndani ya ubongo wa dada yake alikuta uvimbe mkubwa upande wa kuume, sehemu ya mbele. Aliondoa sehemu kubwa yake, lakini hakuweza kuutoa wote, juu ya uvimbe ulikuwa umekwenda mbali kuliko mahali kisu kinaweza kufika bila kuua. Ruth alirudi nyumbani kwake. Baada ya muda uvimbe ukaota tena, akapasuliwa mara ya pili na daktari mwingine huko Marekani, na mwaka 1931 akafariki.

Kifo hicho hakikutoka tena katika roho ya ndugu yake. Kwa miaka mingi iliyofuata Penfield alitafuta jibu la swali moja: krizi ya kifafa inaanzia wapi hasa katika ubongo, na daktari anaweza kuijua sehemu hiyo namna gani mbele ya kukata?

Kijana aliyelelewa na mama

Wilder Penfield alizaliwa tarehe 26 mwezi wa kwanza 1891 katika mji wa Spokane, magharibi mwa Marekani. Baba yake pia alikuwa daktari, lakini kazi yake haikuendelea vizuri na nyumba ikavunjika. Wilder alikuwa angali mtoto wakati mama yake alipochukua watoto na kurudi kwa wazazi wake huko Hudson, katika jimbo la Wisconsin.

Mama huyo ndiye aliyemwonyesha njia. Alisikia habari ya msaada wa masomo unaoitwa Rhodes, ambao unapeleka vijana wenye akili na wenye kujua michezo kusoma Oxford huko Uingereza. Tangu hapo akamtayarisha mwanawe kwa ajili ya jambo hilo. Wilder akasoma katika chuo kikuu cha Princeton, akacheza mpira wa Kimarekani, akamaliza mwaka 1913, na kwa muda akafundisha timu ya mpira ili apate pesa. Msaada wa Rhodes akaupata, na mwanzoni mwa mwaka 1915 akafika Oxford.

Huko alikutana na watu wawili ambao walibadilisha maisha yake. Wa kwanza ni Charles Sherrington, mtaalamu wa mishipa ya fahamu, ambaye alimfungulia macho kuhusu ubongo. Wa pili ni William Osler, daktari mzaliwa wa Kanada aliyejulikana sana wakati ule kwa namna alivyowapokea wagonjwa na wanafunzi.

Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vinaendelea. Mwezi wa tatu mwaka 1916 Penfield alikuwa katika meli Sussex, ikivuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, wakati meli hiyo ilipopigwa na bomu la Wajerumani. Watu wengi walikufa. Yeye alijeruhiwa mguu, akapona akiwa katika nyumba ya Osler. Mwaka uliofuata akamuoa Helen Kermott, na mwaka 1918 akapata shahada ya udaktari katika chuo cha Johns Hopkins, Marekani. Pamoja na bibi yake Helen walipata watoto wanne.

Alitafuta ujuzi popote ulipokuwa

Wakati ule upasuaji wa ubongo ulikuwa bado mchanga. Penfield alifanya kazi New York, lakini hakuridhika na yale aliyoyajua. Mwaka 1924 akaenda Madrid, Uhispania, kujifunza kwa Pío del Río Hortega namna ya kupaka rangi chembe za ubongo ili zionekane vizuri katika mikroskopi. Penfield alitaka kuelewa jambo moja: kwa nini mtu aliyepigwa kichwani anapona kidonda, lakini miaka nyuma yake anaanza kuanguka kifafa? Alifikiri jibu liko katika kovu linalobaki ndani ya ubongo.

Mwaka 1928 akaenda Breslau, mji ambao wakati ule ulikuwa wa Ujerumani. Daktari Otfrid Foerster alikuwa akipasua watu wenye krizi zilizotokana na majeraha ya kichwa, kati yao askari wa zamani wa vita. Foerster hakuwalaza usingizi. Alitia ganzi katika ngozi ya kichwa tu, mgonjwa akabaki macho, akisema na daktari wakati ubongo wake uko wazi. Jambo hilo linawezekana kwa sababu ubongo wenyewe hausikii maumivu.

Foerster alikuwa akigusa ubongo na umeme kidogo sana. Akigusa mahali fulani, mkono wa mgonjwa unatikisika. Akigusa pengine, mgonjwa anasikia kama vidole vinawasha. Na mara nyingine umeme huo uliamsha mwanzo wa krizi ileile ambayo mgonjwa alikuwa akiipata nyumbani. Hapo daktari alijua: ni hapa moto unawaka kwanza.

Mwaka huohuo Penfield akahamia Montreal, akipokelewa katika chuo kikuu cha McGill na hospitali ya Royal Victoria, pamoja na rafiki yake daktari William Cone. Ni miezi michache tu baada ya kufika ndipo dada yake Ruth aliletwa kwake.

Nyumba moja kwa ajili ya ubongo

Kuna jambo moja alilolishika sana kuhusu Ruth. Baada ya kupasuliwa mara ya kwanza, dada yake alionekana mzima: alisema vizuri, alikumbuka, alicheka. Lakini siku moja alitaka kupikia mgeni na watu wachache wa jamaa, kazi ambayo zamani aliifanya bila kufikiri. Penfield akamkuta jikoni amevurugika. Vyakula vyote vilikuwa pale, lakini nyama haikuwa imewekwa kwenye moto na saladi haikuwa tayari. Hakuweza tena kupanga kitu gani kianze na kitu gani kifuate. Penfield aliandika habari hiyo katika gazeti la waganga mwaka 1935, ili wapasuaji wengine wajue kwamba kila kipande cha ubongo kinachoondolewa kina bei yake.

Kifo cha Ruth kilimsukuma pia kujenga. Aliona kwamba mpasuaji peke yake hawezi. Inafaa awe karibu na mtu wa mikroskopi, mtu wa picha za mionzi, mtu wa umeme, mtu wa kupima akili na kumbukumbu, wote chini ya paa moja na mgonjwa katikati yao. Shirika la Rockefeller likatoa zaidi ya dola milioni moja, serikali ya jimbo la Quebec, mji wa Montreal na matajiri wa pale wakaongeza. Mwaka 1934 Taasisi ya Neva ya Montreal ikafunguliwa, Penfield akiwa kiongozi wake wa kwanza. Mwaka huohuo akachukua uraia wa Kanada.

Katika chumba chake cha upasuaji aliendeleza kazi aliyoiona Breslau. Mgonjwa analala macho wazi, daktari anagusa ubongo kidogo kidogo na umeme, anaweka kikaratasi chenye namba mahali palipotoa jibu, na mtu mwingine anaandika kila neno la mgonjwa. Kutokana na kazi hiyo alichora, pamoja na Edwin Boldrey mwaka 1937, ramani ya ubongo inayoonyesha mahali panapoongoza midomo, ulimi, vidole, mguu. Ramani hiyo inafundishwa mpaka leo katika vyuo vya udaktari duniani kote.

Lakini tatizo moja lilibaki. Kugusa na umeme kunawezekana baada ya fuvu kufunguliwa. Je, ukifungua upande usiofaa? Na kama hakuna kovu wala uvimbe unaoonekana kwa macho, utakata nini?

Kalamu inayoandika mawimbi

Jibu lilikuwa limeanza kutayarishwa Ujerumani. Katika mji wa Jena, daktari wa akili Hans Berger alikuwa mwaka 1924 wa kwanza kunasa umeme wa ubongo wa mtu. Mwaka 1929 akatangaza kazi yake. Wengi hawakumwamini, mpaka mwaka 1934 Edgar Adrian wa Cambridge alipofanya jaribio lilelile na kupata majibu yaleyale. Mwaka 1935 madaktari wa Boston wakaonyesha kwamba mawimbi ya mtu mwenye kifafa yanaweza kuonekana tofauti kabisa na ya mtu mwingine.

Mashini hiyo inaitwa kwa kifupi EEG, na kazi yake si ngumu kueleza. Chembe za ubongo zinasemezana kwa umeme. Umeme huo, ukifika juu ya ngozi ya kichwa, ni mdogo kama mara 30000 kuliko ule wa betri moja ya tochi. Wanabandika waya kadhaa kichwani, mashini inaukuza umeme huo, na kalamu zinachora mistari juu ya karatasi inayotembea. Mtu mzima akifunga macho na kutulia, mawimbi yanapanda na kushuka taratibu, mara 8 mpaka 13 kwa sekunde moja. Mahali penye kifafa, hata wakati mgonjwa hana krizi, mara kwa mara inatokea ncha kali, kama mwiba unaosimama katikati ya nyasi.

Marekani kulikuwa na kijana aliyeijua mashini hiyo kuliko wengi: Herbert Jasper, mtaalamu katika chuo kikuu cha Brown, mji wa Providence. Mwaka 1937 Penfield alifika huko kufundisha. Jasper akamweleza kwamba anaweza kuonyesha kwa EEG mahali krizi inapoanzia, bila kufungua kichwa. Penfield hakuamini. Yeye alikuwa mtu wa kuona ubongo kwa macho na kuugusa kwa mkono. Lakini alikubali kujaribu, na wagonjwa wake wakapimwa na Jasper. Penfield alipofungua mafuvu, ugonjwa ulikuwa palepale Jasper alipopaonyesha.

Tangu hapo alishawishika. Kwa muda Jasper alikuwa akisafiri mara kwa mara na motokari mamia ya kilometa kutoka Providence mpaka Montreal, akibeba mashini zake. Mwaka 1938 akahamia kabisa Montreal.

Mwiba uko chini ya waya gani?

Werevu wa kazi yao ulikuwa katika kusoma mistari. Tuseme kuna waya tatu zilizopangwa kichwani kwa mstari: wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kalamu moja inalinganisha umeme wa waya wa kwanza na wa pili. Kalamu nyingine inalinganisha wa pili na wa tatu. Kama mwiba unatokea chini ya waya wa pili, kalamu moja inakwenda juu na nyingine inakwenda chini kwa wakati uleule, kama mikono miwili inayoelekezana. Mahali zinapoelekezana, ndipo chanzo kinatafutwa. Daktari anarudia kwa mstari mwingine unaokata ule wa kwanza, na pale mistari miwili inapokutana anapata sehemu yake.

Katika chumba cha upasuaji kazi iliendelea karibu zaidi. Fuvu likiisha kufunguliwa, Jasper aliweka waya zake juu ya ubongo wenyewe, ambako mawimbi ni yenye nguvu na hayajazuiwa na mfupa wala ngozi. Penfield aligusa na umeme, mgonjwa akasema anachosikia, kalamu zikaandika. Njia hizo tatu zikisema jambo moja, daktari alikata. Baada ya kukata, waya ziliwekwa tena: je, miba imekwisha ao bado iko pembeni?

Mashini hiyo ndiyo iliwafikisha katika sehemu ya pembeni ya ubongo, ile iliyo karibu na sikio. Wagonjwa wengi wa sehemu hii hawaanguki na kutikisika kama watu wanavyozoea kuona. Mtu anasimama ghafula, anakodoa macho, anatafuna bila chakula, anapapasa nguo zake, na baadaye hakumbuki kitu. Wengine wanasikia kwanza harufu isiyokuwako, ao woga usio na sababu. Zamani watu hao waliitwa vichaa. EEG ilionyesha miba inatoka pembeni, hata mahali ambapo jicho la mpasuaji halikuona kovu lolote. Mwaka 1954 Penfield na Jasper walikusanya ujuzi wao katika kitabu kimoja kikubwa kuhusu kifafa na kazi za sehemu za ubongo, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mwongozo wa wapasuaji wa kifafa.

Kwa jumla, Penfield na wenzake walipasua zaidi ya wagonjwa 1100 wa kifafa. Si wote waliopona. Lakini wengi waliokuwa wakiishi kwa kufichwa nyumbani walirudi kazini na shuleni.

Kosa ambalo hakulificha

Mwaka 1950 msichana wa masomo ya akili, Brenda Milner, alianza kuwapima wagonjwa wa Penfield mbele na nyuma ya kupasuliwa. Muda mfupi baadaye wawili kati yao walipatwa na jambo baya. Walipasuliwa upande wa kushoto tu, sehemu ya pembeni, na krizi zikapungua. Lakini hawakuweza tena kushika jambo jipya. Walijua majina yao na maisha yao ya zamani, lakini habari ya asubuhi ilikuwa imepotea saa sita. Mmoja wao alikuwa injinia.

Penfield na Milner hawakunyamaza. Mwaka 1955 walisimama mbele ya madaktari wa neva wa Marekani, wakaeleza yaliyotokea. Walifikiri kwamba kwa wagonjwa hao wawili upande wa kuume ulikuwa tayari umeharibika bila mtu kujua, na kwa hiyo kukata upande wa kushoto kuliwaacha bila kitu. Daktari mwingine wa Marekani, William Scoville, aliposoma habari hiyo alitambua kwamba mgonjwa wake mmoja, anayejulikana kwa herufi H.M., alipata tatizo lilelile baada ya kukatwa pande zote mbili mwaka 1953. Milner akaenda kumpima, na kutokana na hapo dunia ikajua kwamba kiungo kidogo kinachoitwa hipokampo ndicho mlango wa kumbukumbu mpya.

Injinia yule alifariki mwaka 1964. Ubongo wake ulipochunguzwa, hipokampo ya kuume ilikuwa kweli imekauka, jeraha la zamani sana. Penfield, akiwa na miaka 83, alitangaza habari hiyo pamoja na mwenzake mwaka 1974. Na kwa sababu ya wagonjwa hao wawili, Montreal walianza kutumia jaribio la daktari Juhn Wada, ambalo linalaza upande mmoja wa ubongo kwa dakika chache ili kuona kama upande wa pili unaweza kubeba kumbukumbu na maneno peke yake. Kujua mahali kifafa kinapoanzia hakukutosha. Ilifaa kujua pia nini kitabaki.

Siku za mwisho

Penfield aliacha uongozi wa taasisi mwaka 1960. Aliendelea kuandika, hata hadithi ndefu, na alijiuliza sana kama roho ya mtu ni ubongo tu ao ni kitu kingine. Mwaka 1953 alipewa nishani ya Order of Merit ya Uingereza, moja kati ya heshima kubwa za ufalme ule, na mwaka 1967 nishani ya juu ya Kanada. Tuzo ya Nobel hakuipata. Alikufa kwa kansa tarehe 5 mwezi wa nne 1976 huko Montreal, akiwa na miaka 85. Majivu yake yaliwekwa katika shamba lake karibu na ziwa Memphremagog.

Kazi haikufa naye. Huko Paris, katika hospitali ya Sainte-Anne, Jean Talairach na Jean Bancaud walianza miaka ya 1950 kuingiza waya nyembamba ndani kabisa ya ubongo kupitia matundu madogo, ili kufuata krizi kutoka mwanzo wake mpaka mwisho. Leo kompyuta zimechukua nafasi ya kalamu na karatasi, lakini swali ni lilelile la Penfield na Jasper.

Kwetu mashariki mwa Kongo, watu wengi wenye kifafa hawatafika kamwe kwenye meza ya upasuaji, na wengi hawahitaji. Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 50 wanaishi na kifafa, na mpaka 70 kwa 100 kati yao wangeweza kuishi bila krizi kama wangepata dawa inayofaa na kuifuata vizuri. Fenobarbitali, ile wengi wanaita Gardenali, ni moja ya dawa hizo. Lakini bado kuna nyumba ambamo mtoto akianguka wanakimbia, wakifikiri povu lake linaambukiza, ao wanatafuta nani amemroga. Mawimbi yaliyochorwa Montreal yanajibu: krizi ni umeme uliopotea njia mahali fulani katika ubongo. Hauruki kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kinachofaa ni kumlaza mgonjwa kwa ubavu, kutomtia kitu mdomoni, na kumpeleka kwenye kituo cha afya.

Wiki chache mbele ya kufa, Penfield alimaliza kuandika habari ya maisha yake. Kitabu alikipa jina lenye maana kwamba hakuna mtu anayefanya kazi peke yake. Alikuwa na sababu. Alianza na dada mmoja ambaye hakuweza kumwokoa, akamaliza akiwa amezungukwa na watu wa kalamu, wa mikroskopi na wa kumbukumbu, na wagonjwa waliokubali kubaki macho ili wamwonyeshe njia.